Asiyekubali kushindwa si mshindani: Uungwana katika mashindano ya roboti ya shule za upili

MECHI ya roboti huchukua dakika chache tu. Ishara inapotolewa, mashine zilizoundwa na wanafunzi kwa majuma mengi huingia uwanjani zikiokota mipira, zikisukuma masanduku au kupanda vizingiti. Waundaji wake huziongoza kwa vyombo vya mkononi, au huziachia zifuate programu waliyoiandika mapema. Muda ukiisha, ubao huonyesha alama, upande mmoja hushangilia na mwingine huinamisha vichwa.

Hata hivyo, sehemu muhimu ya mashindano haya haiko uwanjani. Iko kando, kwenye meza za matengenezo, ambako timu iliyounguza mota huomba nyingine na aghalabu huipata kutoka kwa wale wale itakaopambana nao saa moja baadaye.

Desturi hiyo haikuzuka kwa bahati. Ina historia, ina kanuni, na ina watu walioitetea. Kwa walimu na wanafunzi wa Kitale na Bungoma, ambako uundaji wa roboti shuleni ungali mchanga, ni heri kuifahamu sasa kabla ya tabia mbaya kuota mizizi. Isitoshe, si desturi ya kigeni kwa kiasi ambacho mtu angedhani. Wahenga walikwisha kuisema kwa maneno machache: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Chimbuko

Mashindano ya roboti ya shule za upili yalipata umbo lake la kisasa nchini Marekani. Mnamo 1989, mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST kwa nia ya kuwafanya vijana waienzi sayansi kama wanavyoienzi michezo. Shindano la kwanza la shirika hilo liliandaliwa mwaka 1992 katika ukumbi wa mazoezi wa shule moja ya upili, mjini Manchester, jimbo la New Hampshire. Timu 28 zilishiriki.

Aliyeyapa mashindano hayo maadili yake ni Woodie Flowers, profesa wa uhandisi wa mitambo katika chuo cha MIT, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki Oktoba 2019. Flowers alikuwa amepata sifa chuoni kwa kozi iliyowapa wanafunzi furushi la vifaa duni na kuwataka waunde mashine za kushindana. Hapo ndipo alipoona kuwa ushindani mkali na wema vyaweza kukaa nyumba moja.

Falsafa yake, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita utaalamu wenye uungwana, haimtaki mshindani alegeze juhudi. Inamtaka apambane kwa nguvu zake zote, ajifunze kadiri awezavyo, na papo hapo amheshimu mpinzani na kumsaidia anapokwama. Flowers alizoea kuwashauri vijana watende kila jambo kana kwamba nyanya zao wanawatazama. Mwanafunzi aliyelelewa kijijini Kiminini au Kimilili hahitaji kufafanuliwa zaidi maana ya ushauri huo.

Uungwana uliotiwa katika kanuni

Mahubiri peke yake hayabadilishi tabia. Kwa sababu hiyo, waandalizi waliuingiza uungwana katika kanuni zenyewe za mchezo.

Kuanzia mwaka 1999, timu hazikuingia tena uwanjani kila moja kivyake, bali kwa miungano. Awali kila muungano ulikuwa na roboti mbili, na tangu 2005 zikawa tatu. Katika mechi za mchujo, ratiba ndiyo huamua nani yuko na nani. Timu inayopingana nawe asubuhi yaweza kuwa mshirika wako alasiri. Mwenye kumnyima jirani bisibisi asubuhi hujikuta mchana akimtegemea jirani huyo huyo, ambaye roboti yake haijatengenezeka.

Aidha, timu zilizoongoza mchujo ndizo huwachagua washirika wa kuingia nao katika hatua ya muondoano. Hapo sifa ya timu huhesabika. Roboti yenye kasi inayoendeshwa na vijana wenye kiburi yaweza kuachwa, na roboti ya wastani ya timu inayosikilizana na wengine ikachukuliwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2012. Mchezo wa mwaka huo ulikuwa wa kutupa mipira ya vikapu, na uwanjani kulikuwa na madaraja matatu yaliyobembea. Kila upande ulikuwa na daraja lake, lakini lile la katikati lilikuwa la wote. Katika mechi za mchujo, roboti mbili kutoka pande pinzani zikifaulu kusimama pamoja juu ya daraja hilo bila ya kuinama upande wowote, kila upande ulipata alama mbili za msimamo, sawa na zile za kushinda mechi. Timu iliyojifungia katika uhasama ilijinyima yenyewe.

Kadhalika, tuzo ya hadhi ya juu kabisa katika mashindano hayo haitolewi kwa roboti iliyofunga mabao mengi. Hutolewa kwa timu iliyokuwa mfano bora kwa wengine na iliyoieneza sayansi katika jamii yake. Walimu na wataalamu wanaowalea wanafunzi nao wana tuzo yao tangu 1996, yenye jina la Flowers.

Kutoka Herat hadi Washington

Mwaka 2017, mashindano ya kimataifa ya FIRST Global yalizinduliwa jijini Washington. Kila taifa hutuma timu moja ya vijana wa umri wa shule ya upili, na Kenya imekuwa miongoni mwa mataifa hayo. Tangu hapo yamefanyika katika miji kadhaa, ikiwemo Mexico City mwaka 2018, Dubai 2019, Geneva 2022, Singapore 2023 na Athens 2024. Kila mwaka mchezo hutungwa kuhusu tatizo la ulimwengu. Ule wa 2017 ulihusu maji: roboti zilitenganisha mipira ya rangi mbili, moja ikiwakilisha maji safi na nyingine maji machafu.

Timu iliyokumbukwa zaidi mwaka huo haikuwa iliyoongoza kwa alama. Ilikuwa ya wasichana sita kutoka Herat, magharibi mwa Afghanistan. Maombi yao ya viza ya kuingia Marekani yalikataliwa mara mbili, ijapokuwa walisafiri hadi Kabul kuyawasilisha. Baada ya malalamiko kusikika kote duniani, waliruhusiwa kuingia siku chache kabla ya mashindano. Walirejea nyumbani na nishani ya fedha ya ujasiri.

Hadithi yao haikuishia hapo. Mwaka 2020, janga la korona lilipozuka, wasichana wa kundi hilo waliunda mashine ya gharama nafuu ya kuwasaidia wagonjwa kupumua, wakitumia vipuri vya magari ya Toyota Corolla. Funzo lililopatikana katika kuokota mipira liligeuka kuwa huduma kwa wagonjwa.

Hapa nyumbani pia kuna mfano wa aina hiyo. Mwaka huo huo wa 2017, wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, waliojiita The Restorers, walifika fainali ya shindano la Technovation huko California. Walikuwa wamebuni programu ya simu ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Hawakutwaa taji. Hata hivyo, miaka miwili baadaye, walikuwa miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov, inayotolewa na Bunge la Ulaya kwa watetezi wa haki za kibinadamu. Laiti wangelichukulia kushindwa kule California kuwa mwisho wa safari, jina lao lisingefika Strasbourg.

Majirani wanaokutana mbali

Nchini Kenya, jukwaa kongwe la wanafunzi wabunifu ni kongamano la sayansi, ambalo siku hizi huitwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya (KSEF). Wanafunzi huanza katika kaunti ndogo, wakapanda hadi kaunti, kanda na hatimaye taifa. Huko hutetea kazi zao mbele ya majaji, ambao hupima maandishi, maelezo ya mdomo na fikra za kisayansi. Mwaka 2018, Young Scientists Kenya, mradi ulioiga maonyesho ya vijana wanasayansi wa Ireland, nao ulifanya maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa jijini Nairobi.

Mpangilio huu wa kanda una athari ya pekee kwa Kitale na Bungoma. Miji hii miwili ni majirani. Yote imekaa chini ya Mlima Elgon, maji ya mto Nzoia hupita katika kaunti zote mbili, na barabara ya Kitale hadi Webuye hubeba mahindi, wanafunzi na wafanyabiashara kutwa kucha. Lakini Trans Nzoia imo katika kanda ya Bonde la Ufa, ilhali Bungoma imo katika kanda ya Magharibi.

Wapenzi wa michezo ya shule wanaijua hali hii vyema. Shule ya Wavulana ya St Anthony's, mjini Kitale, na Friends School Kamusinga, iliyoko Kimilili katika Kaunti ya Bungoma, zimesifika katika hoki kwa miaka mingi. Licha ya ujirani wao, kila moja hupambana kwanza katika kanda yake, na njia zao rasmi hukutana katika ngazi ya kitaifa.

Katika sayansi, utaratibu huo waweza kugeuzwa kuwa neema. Shule ya Kitale na shule ya Bungoma hazigombei nafasi moja katika kaunti wala katika kanda. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, hakuna inachopoteza moja kwa kuifunza nyingine namna ya kuunganisha kihisio au kurekebisha programu iliyokwama. Zikija kukutana katika ngazi ya taifa, zitakutana zikiwa zimenoana makali.

Kizingiti cha mtihani

Kinachozuia ushirikiano huo si umbali, bali mazoea. Kwa miongo mingi, shule za Kenya zimefunzwa kutazamana kwa jicho la mtihani. Orodha za shule bora zilipotangazwa kila mwaka, kufaulu kwa jirani kulihesabiwa kuwa hasara. Mwaka 2014, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku uorodheshaji huo, lakini fikra iliyoujenga haikufutika kwa tangazo. Mwanafunzi aliyezoea kuficha daftari la marudio hawezi kwa siku moja kujifunza kugawa mchoro wa roboti yake.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa katika madarasa ya chini na kufika sekondari ya msingi mwaka 2023, umefungua mlango. Miongoni mwa stadi unazosisitiza ni mawasiliano na ushirikiano. Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha nyenzo za kufundishia uandishi wa programu za kompyuta katika shule za msingi na za upili. Katika sekondari ya juu, sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni mojawapo ya mikondo mitatu anayochagua mwanafunzi. Kwa hiyo idadi ya vijana watakaoshika nyaya na mota yatarajiwa kuongezeka, na pamoja nayo vishawishi.

Kishawishi cha kwanza ni kazi ya mtu mzima kuvishwa jina la mtoto. Hili ni lalamiko la kale katika maonyesho ya sayansi kote duniani: mwalimu, mzazi au fundi wa kulipwa huunda chombo, na mwanafunzi hukaririshwa maelezo. Majaji wanaweza kudanganyika, lakini anayepata hasara kwanza ni mwanafunzi mwenyewe, ambaye hurudi na cheti bila ya maarifa. Wa pili ni yule aliyeunda chake kwa mikono yake, akashindwa na mtu mzima asiyeonekana.

Kishawishi cha pili ni wenye vifaa kuwadharau wasio navyo. Shule ya bweni yenye maabara ya kompyuta na shule ya kutwa inayokusanya michango ili kununua betri hazianzii mstari mmoja. Ushindani usiotambua pengo hilo hupima mifuko ya wazazi badala ya akili za watoto.

Akili kabla ya vifaa

Bahati njema, roboti haihitaji dhahabu. Mwaka 2012, mtandao wa wataalamu wa roboti barani Afrika, AFRON, uliandaa shindano la kubuni roboti ya kufundishia isiyozidi dola 10. Mojawapo ya zilizoshinda iliundwa kutokana na kidude cha kuendeshea michezo ya video, na peremende mbili zenye vijiti zikatumiwa kusawazisha uzito wake.

Bodi ndogo ya Arduino, ambayo leo ndiyo ubongo wa roboti nyingi za wanafunzi, ni mfano mwingine. Ilibuniwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, na waundaji wake wakaiacha michoro yake wazi ili yeyote aweze kuiiga na kuiboresha. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayeitumia tayari amekopeshwa na watu asiowajua. Anapomfunza mwenzake, analipa deni hilo.

Kitale na Bungoma pia zina hazina ya mafundi wa jua kali, wanaojua kukata bati, kuchomelea chuma na kufufua mota ya redio iliyotupwa. Mwanafunzi anayekwenda kwa fundi kuuliza na kushika nyundo mwenyewe hadanganyi. Anayempelekea fundi fedha na kungoja chombo kikamilike ndiye anayedanganya.

Matatizo ya kutatuliwa nayo yamejaa mlangoni. Trans Nzoia ni ghala la mahindi, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa mjini Kitale mwaka 1956. Mashine ndogo ya kupima unyevu wa nafaka ghalani, au ya kuchambua punje zilizooza, ingeeleweka na kila mkulima. Kwa upande wa Bungoma, kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza miaka ya 1970, kiliwafanya watoto wengi waione mitambo mikubwa ikifanya kazi. Kilipofungwa mwaka 2009, eneo zima lilipoteza ajira, na vijana wakapoteza mfano wa uhandisi uliokuwa karibu nao. Klabu ya roboti shuleni haiwezi kukirejesha kiwanda, ila yaweza kumrudishia kijana ile picha ya nafsi yake akiwa fundi wa mitambo.

Hatua za kuchukua

Shule zinazotaka kuyajenga mashindano haya kwa misingi ya haki zaweza kuanza na mambo machache yasiyo na gharama.

Kwanza, kila timu iwe na daftari la kazi, lenye tarehe, michoro na makosa. Daftari lililoandikwa siku kwa siku na wanafunzi wenyewe ni ushahidi usioghushika kwa wepesi, na majaji wakiliuliza, kazi ya mtu mzima hujitokeza.

Pili, panapoandaliwa shindano la kirafiki, timu zipangwe kwa miungano inayochanganya shule. Wanafunzi wa Kitale na wa Bungoma wakiwa upande mmoja kwa mechi moja na pande tofauti kwa nyingine, uhasama hukosa pa kushika.

Tatu, iwekwe meza moja ya vifaa vya wote: nyaya, betri, skrubu, bisibisi na gundi. Kila timu ilete ilicho nacho na ichukue inachokosa.

Nne, tuzo ya kwanza kutajwa katika hafla ya kufunga iwe ya timu iliyowasaidia wengine zaidi, na kura zipigwe na washindani wenyewe. Watoto huthamini kile wanachoona watu wazima wakikitukuza.

Tano, walioshindwa wapewe maoni ya majaji kwa maandishi. Timu inayoondoka bila ya kujua ilipokosea imesafiri bure.

Mfano kutoka riadha

Wakenya hawahitaji kwenda mbali kutafuta kielelezo cha haya yote. Mnamo Desemba 2012, katika mbio za nyika za Burlada, kaskazini mwa Uhispania, Abel Mutai, Mkenya aliyekuwa ametoka kunyakua nishani ya shaba ya Olimpiki ya London katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alikuwa akiongoza. Alidhani amekwisha kufika, akapunguza kasi mita chache kabla ya utepe. Nyuma yake alikuja Mhispania Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita. Badala yake alibaki nyuma na kumwashiria aendelee hadi mwisho, kwa kuwa hawakuelewana lugha. Mutai akashinda.

Fernández alieleza baadaye kwamba hakustahili ushindi huo, maana mwenzake alikuwa amemwacha kwa umbali ambao asingeuziba. Wengi hawajui nani aliongoza mbio nyingine za Burlada, lakini za mwaka huo zingali zinasimuliwa.

Katika ukumbi wa roboti, nafasi kama hiyo huja mara nyingi zaidi kuliko katika mbio. Huja betri ya mpinzani inapozimika dakika tano kabla ya mechi, na yako ya akiba imo mkobani. Ukiinyima, utapewa alama bila ya jasho na mashine yako haitakuwa imepimwa na yeyote. Ukiikopesha, huenda ukashindwa. Lakini kila mmoja ukumbini, pamoja na aliyekushinda, atajua roboti yako inaweza nini, na shule ya ng'ambo ya Nzoia itakuwa na deni la kulipa msimu ujao.